Jinsi ya kuandaa jioni ya kusikiliza okestra Moshi: kuanzia bati la ukumbi hadi radi ya Beethoven

Mtu akija kuniuliza namna ya kuwakusanya watu wa Moshi wasikilize muziki wa okestra, hutegemea nianze na Beethoven. Mimi huanza na bati. Jioni yangu ya kwanza niliiweka mwezi wa Aprili, kwenye ukumbi wa kuazima, watu kama 40, wengi wao wanakwaya. Filimbi mbili za Smetana, mtunzi wa Ucheki, zilipoanza, zile zinazotakiwa zisikike kama maji yanavyochuruzika mawe kwa mawe, mvua ya masika nayo ikaanza. Robo saa nzima tulisikiliza bati. Kisha umeme ukakatika, tukanywa chai gizani, tukaagana.

Nimeandaa jioni nyingine kadhaa tangu hapo, na haya ndiyo niliyojifunza. Nayaandika kwa ajili ya mwalimu wa kwaya, mwalimu wa shule, kiongozi wa vijana, au yeyote mwenye spika mbili nzuri na shauku. Okestra kamili ya simfonia ina wapigaji 70 hadi 100 na zaidi, na kuileta hapa si kazi ya mfuko wako wala wangu. Kwa hiyo tunatumia rekodi, ila tunaifanya ratiba iwe na heshima ya onyesho: watu wanaketi, wanakaa kimya, wanasikiliza pamoja kazi nzima hadi mwisho. Tofauti ya hilo na kusikiliza peke yako kwenye simu ni kama tofauti ya kula ugali peke yako jikoni na kula sinia moja na wenzako.

Nimechagua muziki wa maumbile ya dunia, yaani mito, bahari, macheo, radi na milima, kwa sababu mtu wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa mlima ni nini. Ana vya kulinganisha tayari. Kazi yako wewe ni kumwonyesha pa kushika tu, kisha unyamaze.

Tarehe na siku

Tuna mvua mara mbili kwa mwaka: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Kama ukumbi una bati tupu bila dari, epuka misimu yote miwili. Juni hadi Septemba ndio wakati wangu. Julai ni baridi, watu watakuja na makoti, na hilo ni faida: nguo nzito zinameza mwangwi, na ukumbi wa saruji uliojaa makoti unasikika vizuri mara mbili kuliko ukumbi mtupu. Januari na Februari hakuna mvua nyingi, lakini joto litakulazimisha ufungue madirisha, na hapo bodaboda wote wa barabara ile watakuwa sehemu ya okestra.

Jumamosi usijaribu. Jumamosi ni ya harusi, na hakuna selo (ile fidla kubwa ya sauti nzito) duniani inayoshindana na matarumbeta yanayopita juu ya pikapu huku msafara mzima unapiga honi. Mimi huchagua Jumapili, saa 10 alasiri hadi saa 12 jioni. Ibada zimekwisha, watu wamekula, na kuna jambo jingine: mchana mlima hujificha nyuma ya mawingu, lakini jioni mara nyingi Kibo hufunuka. Ukimaliza kwa wakati, watu wanatoka nje na kuukuta mlima upo wazi.

Desemba inavutia, maana watu wote wa mjini wamerudi nyumbani. Usidanganyike. Kuna kipaimara, ubatizo, harusi na vikao vya ukoo. Watakuahidi na hawatafika.

Ratiba: ifanye fupi kuliko unavyotaka

Kosa la kila mpenzi wa muziki ni kutaka kuwapa watu kila kitu siku ya kwanza. Dakika 45 za muziki zinatosha. Hii ndiyo ratiba ninayoitumia kwa watu ambao hawajawahi kuketi mbele ya muziki wa namna hii:

Grieg, "Asubuhi" kutoka Peer Gynt, dakika 4.
Mendelssohn, utangulizi wa okestra uitwao Hebrides, dakika 10.
Smetana, Vltava, dakika 12.
Mapumziko ya chai.
Beethoven, Simfonia ya 6 (simfonia ni kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa), radi na sehemu ya mwisho, dakika 14 hivi kwa jumla.
Richard Strauss, mwanzo wa Simfonia ya Alpi, ile milima ya Ulaya: usiku na macheo, dakika 5.

Hawa karibu wote ni wa zama zinazoitwa za Romantiki, yaani karne ya 19 na kuendelea kidogo, watunzi walipoanza kuutumia muziki kueleza hisia za mtu mmoja, mandhari, hadithi na nchi. Beethoven anasimama mlangoni mwa zama hizo, mguu mmoja ndani. Tahadhari moja: usiandike neno "Romantiki" kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Mimi niliandika. Walikuja wachumba watatu waliovaa nyekundu, na kaka mmoja aliyeleta maua. Walisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, lakini niliona aibu kwa niaba yao.

Rekodi

Usicheze moja kwa moja kutoka intaneti. Mtandao utakwama katikati, au tangazo la sabuni litaingia pale pale jua linapochomoza. Pakua faili mapema, ziweke kwenye kompyuta mpakato na nakala kwenye flashi. Zima ujumbe na simu kwenye kifaa unachotumia.

Watunzi hawa wote wamefariki zamani. Wa mwisho wao, Strauss, alifariki 1949. Lakini rekodi ina haki zake, tofauti na za mtunzi, kwa sababu kuna wapigaji na kampuni nyuma yake. Tovuti ya Musopen ina rekodi zilizoachiwa huru, na kwa anayesoma nota, IMSLP ina vitabu vya nota vya kazi hizi zote bila malipo. Ukitaka kutoza kiingilio, pita kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize kibali. Mimi sitozi, naweka kapu mlangoni kwa ajili ya chai.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: simfonia ya Beethoven hukatwa faili tano, lakini sehemu tatu za mwisho zimeandikwa zishikane bila kupumua. Programu nyingi za kuchezea muziki huweka ukimya wa sekunde moja au mbili kati ya faili na faili. Ukimya huo ukiangukia kati ya radi na wimbo wa shukrani, umeharibu kitu ambacho Beethoven alikiunganisha kwa mkono wake. Tafuta kwenye mipangilio namna ya kuondoa pengo hilo, ulijaribu nyumbani kabla ya siku yenyewe. Strauss ndiyo mbaya zaidi: kazi moja isiyokatika, imegawanywa sehemu 22.

Spika, na ugomvi na fundi wa sauti

Hapa ndipo jioni inapofia au kupona, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mitambo tunayoazima huwa imepangwa kwa ajili ya mahubiri, kwaya yenye kinanda, au disko la harusi. Besi iko juu, eko imewashwa, na sauti imebanwa ili kila kitu kiwe kikubwa muda wote. Okestra inaishi kwa kinyume cha hayo. Uhai wake uko kwenye umbali kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Ukiubana umbali huo, umebaki na muziki wa kusubiria simu ipokelewe.

Kwa hiyo fundi akifika, mwombe kwa upole mambo haya. Eko aizime yote, ukumbi una yake. Vitufe vya besi na treblo kwenye miksa virudi katikati. Spika mbili ziwe kushoto na kulia, na kila moja ipokee upande wake wa rekodi. Mitambo mingi imeungwa kama spika moja tu, pande zote zinatoa kitu kile kile. Kwenye okestra vayolini za kwanza huketi kushoto, na besi kubwa za kusimama mara nyingi kulia. Ukiunga vizuri, mtu akifumba macho anawaona walivyokaa.

Spika usiziweke pembeni kabisa ya kuta wala kwenye kona, kona inaongeza besi yenye ukungu. Zisogeze mbele mita moja na nusu hivi kutoka ukutani, ziinue zifike kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi au juu kidogo.

Sasa kupima sauti. Fundi atataka kupima na mwanzo wa kazi ya kwanza, ambao ni mdogo, atapandisha, na radi ikifika spika zitalia kama debe. Fanya kinyume: cheza kwanza ile radi ya Beethoven, weka kipimo pale inapotisha bila kuumiza masikio, kisha usiguse tena. Baada ya hapo cheza filimbi za mwanzo wa Smetana na wewe ukaketi benchi la nyuma kabisa. Ukizisikia, mmemaliza. Usipozisikia, tatizo si mtambo bali kelele: feni, mlango, friji ya soda kwenye kona. Nimewahi kutumia nusu saa nikigombana na miksa, kumbe friji.

Fundi atakuambia, "Mwalimu, hii ni ndogo sana, watu hawatasikia." Mwambie watanyamaza ndipo wasikie.

Umeme: jenereta iwekwe mbali, nyuma ya jengo jingine ikiwezekana, kwa waya mrefu. Mimi siku hizi natumia betri kubwa na inveta, kwa sababu spika mbili za wastani kwa sauti hii hazili umeme mwingi. Ijaribu siku mbili kabla, kwa saa mbili kamili, si kwa dakika tano.

Kigingi kimoja kwa kila kazi

Kabla ya kila kazi sema kwa dakika mbili, si zaidi. Usisome maisha ya mtunzi. Watu wa kwaya wamekwisha pata mafunzo makubwa kuliko wanavyojua: wanasoma solfa (do, re, mi), wanajua kutenga sauti ya alto na ya tenori katikati ya kelele, na aliyewahi kupiga tromboni kwenye bendi ya usharika anaitambua shaba popote alipo. Wape kigingi kimoja cha kufungia sikio, waache.

*Grieg.* Hapa usiseme lolote, imbisha. Andika ubaoni: s m r d r m, s m r d. Waimbe mara tatu taratibu, kwa mwendo wa kuyumba kama wa bembea. Ndio wimbo wenyewe. Waambie filimbi itauimba, obo, zumari la okestra, itajibu, watapokezana, na nyuzi zote zikiingia kwa sauti kamili jua litakuwa limetoka. Wanapousikia wimbo walioutamka wenyewe dakika moja iliyopita, utaona mabega yanashuka. Baada ya kusikiliza, wape hii kama kitafunwa: dunia nzima hudhani asubuhi hii ni ya Norwei, kwao Grieg, yenye theluji na maji ya baridi. Muziki huu uliandikwa kwa ajili ya Peer Gynt, tamthilia ya mwandishi Ibsen, ikaonyeshwa nao mwaka 1876, na mahali jua linapochomoza kwenye onyesho hilo ni Moroko. Asubuhi ya Afrika, basi.

*Mendelssohn.* Agosti 1829, kijana wa miaka 20 anazuru Hebrides, visiwa vya magharibi mwa Uskoti. Tarehe 7 anamwandikia dada yake Fanny nyumbani, na badala ya kueleza kwa maneno alivyoguswa, anachora mistari ya nota na kuandika mwanzo wa kazi hii. Kesho yake ndipo anaenda kwa meli kuliona pango maarufu la Fingal, na bahari inamtapisha. Wimbo ulikuwepo kabla ya pango. Napenda kulisema hilo kwa watunzi wa kwaya wanaosubiri kuona kitu kikubwa ndipo waandike.

Pango lile limejengwa na nguzo za jiwe jeusi la volkano, lililopoa na kupasuka kwa pembe kama limechongwa. Waulize watu wamewahi kuona wapi jiwe jeusi la volkano. Watacheka, maana wengine wamejengea msingi wa nyumba.

Kigingi: chini, viola, selo na basuni wanashuka na kipande kifupi kinachorudi tena na tena, ndilo wimbi. Juu yake noti ndefu zimeshikiliwa bila kutikisika. Mwambie msikilizaji achague kimoja, wimbi au ile sauti iliyosimama juu yake kama mstari wa mbali wa bahari, akifuate. Wengi wetu wa bara tumeiona bahari Tanga au Dar kwa siku chache tu, inatosha.

*Smetana.* Hii ndiyo kazi inayoshika watu wa Moshi kuliko zote, na ndiyo ningebaki nayo kama ningelazimishwa kuchagua moja. Ni mto Vltava wa Ucheki, kutoka chemchemi hadi unapoupita mji wa Prague na kwenda zake. Filimbi mbili ni vijito viwili, kimoja cha moto na kimoja cha baridi, vinakutana, na mto unaanza kuimba: m ya chini, kisha l t d r m m, f f m. Ifundishe hiyo pia. Kisha mto unapita msituni, honi zinalia, kuna wawindaji, unapita kijijini, kuna harusi na watu wanacheza polka, usiku unaingia, mbalamwezi, kila kitu kinakuwa chepesi, halafu maporomoko. Baada ya maporomoko wimbo ule uliokuwa wa huzuni unarudi ukiwa na furaha, mto umekuwa mpana.

Mimi huwaambia: usiwaze Prague. Chukua mto wako. Weruweru au Karanga, unaoshuka kutoka mlimani, unapita migombani, unapita chini ya daraja la barabara kuu, unaingia Kikuletwa, unafika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo unaitwa Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Mama mmoja wa Machame aliniambia baada ya kusikiliza kwamba alipofika kwenye harusi aliiona harusi ya shangazi yake, ng'ambo ya kijito. Ndivyo inavyotakiwa.

Lipo jambo ambalo huwa nalisema baada ya kazi kwisha, kamwe si kabla. Smetana alipoteza kusikia masikio yote mawili mwaka 1874, ilipofika Oktoba alikuwa kiziwi kabisa. Vltava aliiandika kati ya Novemba 20 na Desemba 8 mwaka huo huo. Maji yote mliyoyasikia, yeye hakuyasikia hata tone. Ukilisema kabla, watu watasikiliza kwa huruma, na huruma inaziba masikio. Ukilisema baada, ukumbi unanyamaza wenyewe.

Na jingine usiwaambie: mwishoni mto unafifia mbali, unafifia, watu wanaanza kujiandaa kupiga makofi, kisha okestra nzima inapiga mapigo mawili makubwa. Acha waruke kwenye viti. Ni haki yao.

*Beethoven.* Simfonia ya 6 ilisikika kwa mara ya kwanza Vienna, Desemba 22, 1808, kwenye onyesho lililochukua muda wa saa nne hivi, ukumbi una baridi kali, na usiku huo huo wakapiga na simfonia yake ya 5. (Nikilalamikiwa kwamba ratiba yangu ni ndefu, huwa natoa mfano huu.) Yeye mwenyewe alionya kwamba kazi hii ni kueleza hisia zaidi kuliko kuchora picha. Watu hulisahau onyo hilo wakaanza kuwinda ndege.

Nacheza radi na sehemu inayofuata. Kigingi cha radi ni cha chini kabisa: selo zinapiga noti tano wakati besi kubwa zinapiga nne, kwa mkupuo mmoja. Hazilingani, na zimekusudiwa zisilingane. Ule mngurumo mchafu unaousikia si kosa la spika zako. Timpani, zile ngoma kubwa za shaba, zimenyamaza tangu mwanzo wa simfonia, zinalia hapa tu, kisha hazisikiki tena. Tromboni nazo zimengoja mpaka hapa. Wapigaji wa matarumbeta hupenda sana kujua kwamba wenzao walikaa karibu nusu saa mikono magotini wakisubiri radi.

Kisha mawingu yanaondoka na wachungaji wa mifugo wanaimba wimbo wa shukrani. Hapa usieleze chochote. Watu wanaojua maana ya mvua kupita na shamba kubaki salama hawahitaji mwalimu.

Mwaka 1802, miaka sita kabla ya usiku ule wa Vienna, Beethoven aliwaandikia ndugu zake barua ambayo hakuipeleka. Alisimulia aibu yake pale mtu aliyesimama kando yake aliposikia filimbi mbali, au mchungaji akiimba, na yeye hakusikia kitu. Mchungaji wa barua ile na mchungaji wa simfonia hii mimi siwezi kuwatenganisha. Hili nalo, baada.

Wakiomba nyongeza, cheza dakika ya mwisho ya sehemu ya pili, pale kijitoni. Filimbi ni ndege mwimbaji wa usiku wa Ulaya, obo ni kware, ndugu wa hawa wanaofugwa kwa mayai, na klarineti mbili ni kekeo. Kekeo wa Ulaya ana noti mbili. Wa kwetu, yule anayelia mvua zikikaribia, ana tatu zinazoshuka. Mtoto mmoja ndiye aliyelinganisha mbele ya watu wote, mimi nilikuwa sijawahi kufikiri.

Siku yenyewe

Fika mapema, muda wa saa tatu kabla ya kuanza. Funga madirisha ya upande wa barabara, fungua ya upande wa pili. Benchi za mbele kabisa usizitumie, aliyeketi mita mbili kutoka spika ya kushoto atasikia vayolini tu. Chai, maandazi na karanga ni wakati wa mapumziko. Karanga kwenye gazeti katikati ya Mendelssohn ni moto wa nyikani. Watoto wakae na wazazi wao, karibu na mlango, na asifukuzwe mtu.

Makofi: kuna wajuzi watakaokuambia ni mwiko kupiga makofi kati ya sehemu na sehemu. Enzi za Beethoven watu walipiga walipopendezwa. Vigelegele baada ya Smetana ninavikaribisha.

Mzee wa shughuli akiomba kutoa neno la ufunguzi, mpe. Kisha mwambie ratiba imempa dakika mbili.

Jioni ya pili: mlima mzima

Ratiba ya kwanza inaishia na dakika tano za Strauss kwa makusudi, ili watu wadai zilizobaki. Simfonia ya Alpi, iliyopigwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1915, ni safari ya siku moja ya kupanda mlima na kushuka, dakika 50 bila kusimama, kwa okestra ya watu zaidi ya 100, pamoja na kinanda cha kanisani, mashine ya upepo, mashine ya radi, kengele za ng'ombe, na honi 12 zinazolia kutoka nje ya jukwaa. Strauss akiwa kijana wa miaka 15 alipanda mlima na wenzake, wakapotea, wakanyeshewa na mvua kubwa. Alikitunza kisa hicho miaka mingi.

Inaanza usiku. Ngazi ya sauti inashuka hatua kwa hatua na kila noti inabaki ikishikiliwa, haiachiwi, mpaka zinarundikana kuwa giza lenyewe. Halafu tromboni na tuba, chini kabisa, zinautaja mlima. Ukiwa na mtu wa matarumbeta ukumbini, mtazame usoni hapo.

Kwa jioni hii nilialika waongoza wageni wawili na wapagazi wanne, na nilibandika ukutani karatasi yenye majina ya vituo kwa Kiswahili: usiku, macheo, kuanza kupanda, kuingia msituni, kando ya kijito, maporomoko, majani yenye maua, malisho, kupotea kichakani, barafu, hatari, kileleni, ukungu, utulivu kabla ya dhoruba, dhoruba na kushuka, machweo, usiku. Mtu mmoja anasimama kando ya karatasi na kugusa jina kwa kijiti kazi inapofika hapo. Ndiyo maelezo pekee yanayohitajika. Mfanyie mazoezi huyo wa kijiti, maana kwenye kichaka watu wote hupotea, hata yeye. Na msikilize obo kileleni: okestra yote imefika, unategemea kelele za ushindi, na inayozungumza kwanza ni obo moja inayogugumia, kama mtu aliyeishiwa pumzi akiwa hajui aseme nini.

Ilipofika dhoruba, mwongoza wageni mmoja, amepanda Kibo mara asizozihesabu tena, aliniinamia sikioni: "Huyu mteja wake alichelewa kutoka kileleni." Na kweli, Strauss anashuka mbio, katikati ya mvua, kila alichopita asubuhi kinarudi kwa kasi na kwa kinyume.

Mwisho giza lile la mwanzo linarudi. Mwambie mtu wa taa asiwashe mara muziki unapokwisha. Ahesabu hadi 10 kimoyomoyo. Halafu kunja nyaya za fundi kwa kuzizungusha mviringo mkubwa, usizikunje kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi, ili akuazime tena.